Maiki gani nichukue? Fundi wa sauti anajibu barua zenu

Toleo lililopita niliandika mstari mmoja tu, kwamba trei za mayai ukutani hazizuii kelele, basi jamani nimesemwa mpaka basi. Kuna msomaji kahesabu trei zake, anazo 180, kala mayai mwaka mzima na familia yake, af mi nakuja kumwambia hazisaidii. Pole sana, ila sibadilishi, karatasi ni nyepesi, mlio wa bodaboda unapita humo kama upepo kwenye chandarua. Zinapunguza kidogo tu yale makali ya juu na chumba kinabaki kinavuma vilevile kule chini. Mayai angalau mlikula.

Mwezi huu barua karibu zote ni za maiki, kwa hiyo nimezijibu pamoja.

SWALI: Mambo vipi fundi, mi nakaa Mbagala, nna chumba kimoja cha kupanga, juu bati chini saruji, napiga bongo fleva na washkaji zangu wawili. Saundi kadi, ile ya kuunganisha maiki na kompyuta, ninayo ya matundu mawili. Nimekusanya hela nataka maiki ya kondensa ile kubwa inaning'inia kama za kwenye video za wasanii, ila mshkaji wangu ananiambia chukua dainamiki. We mwenyewe unaipenda ipi? Usinizungushe tafadhali. *Msomaji, Mbagala*

JIBU: Poa mdogo wangu, sikuzungushi. Naipenda Shure SM57, na kwa chumba chako we chukua hiyo au ndugu yake SM58, basi. Sasa nisikilize kwa nini maana hapa ndo wengi wanapotea na hela zao.

Dainamiki ndani yake ina kangozi kembamba kamebeba koili ya waya, koili imekaa katikati ya sumaku, sauti ikigonga kangozi koili inacheza na umeme mdogo unazaliwa hapohapo, haihitaji umeme wa nje. Kondensa haina koili, ina kangozi kembamba zaidi, mara nyingi kamepakwa dhahabu, kamekaa jirani kabisa na bamba la chuma, na yenyewe lazima ipewe umeme, ile fantomu ya volti 48 unayowasha kwenye saundi kadi. Sasa kwa vile hako kangozi hakajabeba mzigo wowote kanafuata kila kitu, hadi mate mdomoni utayasikia, na ule mng'aro wa juu kwenye sauti unatoka mzuri kweli. Hiyo ndo sifa yake na mi sibishi.

Ila mtaani tunaambiana kondensa inasikia mpaka jirani anachopika na dainamiki haisikii. Hata mi nimewaambia watu hivyo miaka mingi tu, mpaka siku nikajaribu mwenyewe, nikaziweka zote mbili mbele yangu sentimita 20, nikapandisha geini (kile kitufe cha kukuza sauti ya maiki) ya dainamiki mpaka sauti yangu ikalingana kwenye zote, nikarekodi. Aisee, bodaboda zilezile, mtoto yuleyule analia, jogoo yuleyule, kwenye zote mbili, karibu sawasawa! Maiki haijui ipi ni sauti yako na ipi ya jirani. Kinachotofautisha ni kwamba dainamiki unaimba umeigusa na mdomo, kondensa unakaa nayo mbali kwa kuogopa kuipulizia.

Umbali ndo kila kitu hapa. Ukipunguza umbali kwa nusu, sauti yako kwenye maiki inapanda kama desibeli 6, hicho ndo kipimo cha ukubwa wa sauti. Toka sentimita 30 mpaka 5 inapanda karibu desibeli 15, na bodaboda iko mita kumi nje haijasogea hata kidogo, kwa hiyo unashusha geini desibeli 15 na bodaboda nayo inashuka nayo. Huo ndo uchawi wote wa ile dainamiki inayosemwa haisikii kelele. SM57 na 58 zinakuruhusu kukaa huko karibu bila kulalamika, we piga kelele utakavyo, haziumii. Ukikaa karibu hivyo besi ya sauti yako inaongezeka pia, ukiona imezidi inakuwa nzito kama mtu kaongea ndani ya pipa basi sogea nyuma vidole viwili.

Kitu kingine, maiki hizi zinasikia mbele, nyuma zinakuwa kama kiziwi. Kwa hiyo mgongo wa maiki uelekeze kwenye kelele, dirisha la barabarani au ile laptopu yako inayovuma, we ukae upande wa pili unaiangalia. Af maiki inakuangalia wewe na kilicho nyuma yako, sasa ukuta mtupu wa saruji ukiwa nyuma yako sauti inagonga inarudi kwenye maiki. Chukua godoro lisimamishe nyuma ya mgongo wako, sio nyuma ya maiki kama wengi wanavyofanya, kama kuna kabati la nguo lifungue wazi, tundika blanketi mbili tatu kwenye kamba pembeni. Utakuwa kama mtu anayeuza mitumba ila sauti itatoka kavu. Mvua ikipiga bati hapo hakuna maiki ya kukusaidia, mngoje iishe, andikeni mashairi.

Na usione aibu kwamba dainamiki ni ya mkutano wa hadhara. SM57 ilitoka 1965, 58 ikafuata 1966, zote za kampuni ileile ya Chicago, na zile herufi SM maana yake ni maiki ya studio, zilitengenezwa kwa ajili ya studio halafu jukwaa ndo likazipenda zaidi. Marais wa Marekani wamehutubia kwa SM57 miaka na miaka. Na sauti ya Michael Jackson kwenye albamu ya Thriller ya 1982 iliingia kwenye SM7, dainamiki hiyo, na pale studio za hela kondensa za bei mbaya hazikukosekana.

Nikitaja hiyo najua utaniambia basi ninunue SM7B ile ya watu wa podikasti. Usinunue. Ina sauti ndogo sana, kampuni yenyewe inasema inataka geini ya angalau desibeli 60 na saundi kadi nyingi za bei poa zikifika huko zinaanza kupiga shhhhh. Utalazimika kununua na kikuza sauti cha kuweka katikati ya maiki na saundi kadi, hela imeisha, studio bado haina hata stendi. Kwa pesa hiyohiyo ya maiki moja ungepata SM57 tatu na chenji.

Siku ukihamia chumba kilichotulia ndo urudi kwenye kondensa, na hapo AT2020 ya Audio-Technica ni ya kuanzia nzuri, au NT1 ya Rode wale wa Australia, yenyewe imetulia mno, kelele yake ya ndani ni desibeli 4 hivi wakati AT2020 ina 20. Ila kwa Mbagala ya bati hizo 16 za tofauti zitamezwa na kuku mmoja.

SWALI: Hujambo kaka. Niko Mombasa, nasomea watu hadithi na matangazo ya biashara, natumia maiki ya USB niliyonunuliwa na mume wangu. Ina shida tatu: sauti yatoka kama niko chooni, herufi S zinachoma masikio, na kuna mngurumo mmm mmm usioisha. Ninunue ya XLR, ile ya waya wa pini tatu inayopita kwenye saundi kadi? *Msomaji, Mombasa*

JIBU: Sijambo dada yangu, shemeji msalimie, maiki sio mbaya msimlaumu bado.

Kwanza niambie unaiongelea wapi. Maiki nyingi za USB zilizosimama kwenye kistendi cha mezani zinasikia ubavuni, kule kwenye nembo, sio utosini. Nimeona watu wazima na heshima zao wameiinamia kichwani wanaiongelea kama wanapuliza jiko la mkaa. Ukiongelea utosini sauti inaingia kwa kuzungukazunguka inatoka ya chooni hivyohivyo. Isimamishe, nembo ikuangalie, wewe uiangalie. Halafu tazama nyuma, kama ina kitufe cha kuchagua inasikia upande gani, maana zingine kama Yeti zina namna nne, ya mbele tu, ya pande zote, ya mbele na nyuma, na ya stirio. Chagua ile ya mbele tu, alama yake ni kama moyo uliolala. Mara nyingi mtoto kaguza kitufe kimehamia pande zote na mama anasikiliza mwangwi wa ukuta wa nyuma wiki nzima.

S zinazochoma, usiongee ukiwa umeilenga puani. Izungushe kidogo, kama digrii 30, ielekee pembe ya mdomo wako, pumzi na S zipite pembeni. Kiswahili chetu nacho kina S na SH zake, ndo maana maiki ya kununua jaribu na maneno ya Kiswahili usijaribu na cheki wani tuu. Mi nna sentensi zangu, "shangazi alisafisha sahani saba za samaki sokoni" kwa ajili ya S, na "babu alipanda pamba Pemba pasi na pupa" kwa ajili ya P zinazopuliza. Ukisoma hizo mbili mbele ya maiki tano dukani utajua ipi inakufaa kabla muuzaji hajamaliza hadithi. Kuna maiki inampendeza mwanaume mwenye besi, ukiisomea wewe inakuchinja. Sikio lako tu hapo.

Mngurumo huo kwa harufu yake ni umeme, wetu unacheza mara 50 kwa sekunde na ndo huo mmm unaousikia. Chomoa chaja ya laptopu, rekodi kwa betri. Mngurumo ukitoweka, basi tatizo ni chaja au tundu la ukutani halina ethi, sio maiki. Nyumba nyingi tu za kupanga ile waya ya ethi haikufungwa mahali popote, mwite fundi umeme aangalie, na hata mbali na mambo ya sauti hilo ni jambo la usalama. Usiijaribu wewe.

Ukishafanya haya na bado hujaridhika ndo uje XLR. Faida yake ya kweli ni kwamba unabadilisha kitu kimoja kimoja, maiki ikizeeka saundi kadi inabaki, na ukitaka watu wawili kwa wakati mmoja unaweza. Ya USB ni vyote vimeunganishwa, kikifa kitundu kile kidogo cha waya umezika vyote. Mtu mmoja anayesoma hadithi, chumba kizuri, USB inatosha kabisa na ukimwambia msikilizaji abahatishe hatajua.

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni mtu mzima niko Michenzani, Unguja. Napiga udi, vijana wameniletea maiki kutoka ng'ambo, kondensa mbili nyembamba kama kalamu. Mwezi wa kwanza zilikuwa safi, sasa hivi zapiga pwa pwa, krrr, hasa usiku. Zimekufa? Na niziweke wapi nirekodi udi vizuri? *Msomaji, Unguja*

JIBU: Waalaykum salaam, shikamoo mzee wangu. Hazijafa inshallah, zimelowa tu.

Kondensa inaishi kwa chaji ya umeme iliyokaa kwenye uwazi mwembamba sana kati ya kangozi na bamba. Hewa yetu ya pwani imejaa maji na chumvi, unyevu ukijishika pale ndani chaji inavuja kidogo kidogo na kila inapovuja wewe unasikia pwa. Usiku hewa inapoa, unyevu unazidi, ndo maana zinachachamaa muda huo. Tafuta kopo la plastiki lenye kifuniko kinachobana sawasawa, kusanya vile vipakiti vya chembe vinavyokuja ndani ya boksi za viatu, weka kumi na tano hivi, laza maiki humo siku mbili tatu. Usizianike juani, usipulize kwa mashine ya kukausha nywele, na ule mtindo wa kufukia kwenye mchele uache maana mchele una vumbi, vumbi likiingia kwenye kondensa ndo maradhi mengine. Baada ya hapo liwe ndo kopo lake, unatoa ukipiga, ukimaliza unarudisha.

Na samahani mzee wangu lakini nyumba za Unguja zina udi wa aina mbili, huu wa nyuzi na ule wa chetezo. Moshi wa chetezo ukishakaa kwenye kangozi hautoki. Mama akifukiza, maiki ziwe zimeshalala kwenye kopo.

Kuziweka sasa. Watu wanakimbilia kuielekeza maiki kwenye lile tundu la nakshi la udi, hapo unapata vuma vuma tupu na mlio wa nyuzi unazama. Mi ningeiweka moja kama sentimita 30 kutoka kwenye ala, imelenga pale shingo inapokutana na tumbo, hapo unapata mwili wa sauti na kidole kinavyokanyaga. Sikiliza kwa hedifoni huku mtu mwingine anaisogeza taratibu, vidole viwili kushoto, viwili kulia, utashangaa, ni kama kubadilisha ala. Ukisikia risha, hiyo unayopigia nyuzi, inakwaruza kuliko nyuzi zenyewe basi ipande juu kidogo iangalie kutoka usawa wa bega lako. Ukiwa unaimba hapohapo chukua ile ya pili iweke mdomoni karibu, ila ya mdomoni mgongo wake uwe kwa udi, na ya udi mgongo wake uwe kwa mdomo, kadri itakavyowezekana, halitawezekana lote.

Umebahatika sana mzee, hizo nyembamba kwa nyuzi ndo zenyewe hasa, zinakamata mguso wa kwanza wa risha haraka kuliko zile pana. Vijana wako wana akili.

SWALI: Niaje mkuu, niko Eldoret. Nilinunua "SM58" mtandaoni bei ikiwa chini kabisa, muuzaji akasema ni orijino stoku ya zamani, ikaja na waya na swichi. Inasound kama simu. Nimeibiwa? *Msomaji, Eldoret*

JIBU: Umeibiwa mkuu. Pole.

Ila tuhakikishe usije ukamtukana mtu bure. Nenda duka la nyama au la mboga mwenye mizani ya dijito umuombe akupimie, 58 ya kweli ina gramu 298 hivi, ya bandia mara nyingi ni nyepesi waziwazi, unaishika unahisi kama toy. Af hiyo ya kawaida kabisa wanayouza inaitwa SM58-LC, LC maana yake haiji na waya, na haina swichi. Yenye swichi ipo kweli lakini ina S kwenye jina lake. Kwa hiyo kama boksi limeandikwa LC halafu ndani kuna waya na maiki ina swichi, hapo hakuna mjadala. Kizungushe kile kichwa cha nyavu kitoke, ndani ya kweli imetulia, sponji imekaa vizuri, hakuna gundi imemwagika kama ya fundi viatu. Na itikise karibu na sikio, isilie.

Kipimo cha mwisho ni sauti. Ya kweli haina mambo mengi juu, imeishia kama hezi 15,000, inasikika ya kati na imejaa. Za bandia zina kile kimlio chembamba cha kuchoma, na ukiisugua kwa kiganja inanguruma mpaka spika zinaruka.

Bei ya kule Marekani ni kama dola 100, na hiyo haijavuka bahari wala haijalipiwa ushuru. Mtu akikuuzia huku kwa robo ya hapo jiulize yeye kapata faida wapi. Na kama hela ndo hakuna, bora ununue dainamiki ya jina dogo inayojiita jina lake kuliko inayojiita 58. Zipo nzuri tu. Au tafuta 58 kuukuu kutoka kanisani au kwa bendi, hata nyavu zikiwa zimebonyea kama sufuria ya gengeni kilicho ndani mara nyingi bado kizima, nyavu zinauzwa peke yake.

SWALI: Bwana asifiwe. Kwaya yetu Bujumbura ni watu 12, tuna dainamiki mbili na kondensa moja pana. Tuwagawie vipi? Na je, tukiwasha fantomu zile dainamiki zitaungua? *Msomaji, Bujumbura*

JIBU: Amina. Dainamiki haziungui, mradi waya ni XLR nzima ya pini tatu pande zote, umeme ule unapita sawa kwenye waya mbili za sauti kwa hiyo koili haioni tofauti yoyote. Hofu iwe kwa zile maiki za utepe za zamani, zenye kautepe ka chuma ndani badala ya koili, na waya zilizochomelewa ovyo. Ule umeme wenyewe una historia ya kuchekesha, 1966 Neumann wa Ujerumani walikuwa wanawatengenezea redio ya Norwei maiki ya KM 84, wale jamaa studio zao zilikuwa tayari na umeme wa volti 48 kwa ajili ya taa za dharura, kule msimu wa baridi ni giza tu, basi wakasema tumieni huohuo. Ndo maana mpaka leo saundi kadi yako Bujumbura inaandika 48.

Kwaya ya 12 mi ningeachana na dainamiki kabisa, ningechukua kondensa moja, ningeipandisha juu kidogo ya vichwa vya mstari wa mbele ikiinama kuwatazama, wao wasimame nusu duara, mita moja na nusu au mbili. Halafu unachanganya kwa miguu. Yule mama mwenye sauti ya kupasua anarudi hatua mbili, yule kijana wa besi asiyesikika anasogea mbele, mnarekodi dakika moja, mnasikiliza, mnahamishana tena. Redio Tanzania Dar es Salaam bendi nzima za dansi zilikuwa zinarekodiwa kwa mpigo mmoja, tarumbeta na magitaa na waimbaji wote ndani ya chumba, akikosea mmoja mnarudia wote, na zile nyimbo mpaka leo zinachezwa harusini. Kwaya itakasirika siku ya kwanza kwa kupangwapangwa kama viti. Vumilia. Ukimpa kila mtu maiki yake kwenye chumba kimoja kila maiki inasikia watu 12, na ukichanganya unapata uji.

Msipandishe geini mpaka taa nyekundu, mwisho iwe kama desibeli hasi 12 kwenye mita ya kurekodia mkiimba kwa nguvu zote, maana kwaya mkijaribu mnaimba kwa aibu af roho ikishuka mnaimba mara mbili ya hapo.

SWALI: Kaka niko Maskati, nimekuja kikazi, jioni narekodi kaswida kwa simu tu. Maiki sina. AC haizimiki huku joto ni digrii 40 na kitu. Ninunue maiki gani ya kuondoa AC? *Msomaji, Maskati*

JIBU: Ya kuondoa AC haipo, ndugu yangu. Simu yako ni nzuri kuliko unavyodhani, maiki zilizomo ndani ni kondensa ndogo sana na ukiisogeza shavuni kidogo, sentimita 10, mbali na pumzi, inarekodi vizuri kushinda maiki nyingi za bei chee zenye rangi ya dhahabu. Kaa kitandani, jifunike blanketi zito kichwa na simu vyote ndani. Kabla ya hapo washa AC chumba kiganda kabisa, robo saa, halafu izime, una kama dakika nne kabla jasho halijaanza kudondokea kwenye simu. Kaswida ya beti sita inaingia hapo. Ukikosea beti ya tano toka, washa, poa, rudi tena.